Mbao Kumi na Moja

Mbao kumi na moja za msonobari
mkwe wangu Corbin kazing'oa Jumamosi,
toka mlango wa mbele hadi pale gari linapolala.
"Mama, mteremko huu hauna kazi tena,"
kwa sauti ya mtu aliyebeba yai.
Nikamwambia, zilaze gereji. Usizichome.

Maelle ana miaka tisa. Shule zimefungwa
ili watoto wakavune viazi, kama enzi zetu,
ila siku hizi mashine ndizo zinazovuna
na watoto wanazurura.
Kaja na penseli sikioni, fundi kamili:
"Bibi, tutengeneze mizimu ya Halowini."

Si kazi ngumu. Ubao mmoja, mzimu mmoja.
Kopo la rangi ulifunike juu, uchore nusu duara,
msumeno ufuate mstari, na ukikataa kufuata
uache, maana mzimu uliopinda
ni mzimu vilevile.
Msasa kidogo kingoni, vibanzi visichome vidole.
Rangi nyeupe, ile iliyobaki ya jikoni.
Macho tukayapiga mhuri kwa kiazi:
kikate nusu, kichovye kwenye nyeusi, gandamiza.
Bonde hili la kaskazini mwa Maine
kiazi hakijawahi kukosa kazi.
Mdomo ni hiari.
Maelle aliipa midomo mitatu tu,
mingine, kasema, imeshasema yake.

Jirani yetu Verlon akaja na msumeno wa umeme
na ushauri ambao hakuna aliyeuagiza.
Mbao zina mafundo, kasema. Zina matobo ya misumari.
Mchagua jembe si mkulima, Verlon,
na mchagua ubao hapati mzimu.
Akanyamaza, akazikata nguzo nne vipandevipande,
tukazipaka rangi ya chungwa,
kila kipande kijiti cha mtufaa utosini.
"Maboga ya pembe nne," akasema, kajipenda.
"Hayaozi. Hayabingirii."

Rangi ilipokauka, alama zikarudi.
Mikanda miwili ya kijivu kwa kila ubao,
mmoja kifuani, mmoja magotini,
pale magurudumu yalipopita miaka minne.
Nikapaka mara ya pili. Zikarudi.
Nikachovya brashi mara ya tatu,
Maelle akanishika kiwiko:
"Wamefunga mikanda, Bibi. Waache wasafiri."

Normand alikuwa hodari wa usiku huu.
Alijifunika shuka kitini, kimya kama mto wa sofa,
akangoja vidole vya watoto vizame kwenye bakuli la peremende,
kisha, kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii,
akanguruma.
Walikimbia hadi barabarani wakipiga mayowe.
Walirudi, mayowe yakiwa bado midomoni,
kuchukua peremende ya pili.

Basi tumezisimamisha kandokando ya njia,
tano huku, sita kule, sikusawazisha.
Wa mwisho, karibu na ngazi, skrubu yake ilikosa meno.
Upepo ukivuka mto kutoka Kanada
unayumba, unasita, unajifikiria.
Nilimwahidi Corbin nitaukaza kabla ya giza.

Saa mbili usiku wakaja vijana watatu,
wakubwa mno kwa peremende, wamevaa magunia,
wanajifanya hawaogopi kitu.
Mguu wa kwanza ngazini,
mzimu ukaanguka kifudifudi nyuma yao, PAA!

Sijui nani alipiga kelele zaidi.
Najua mmoja alimwita mama yake
kwa Kifaransa, lugha anayosema haijui.
Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni,
nimeshika sinki kwa mikono miwili,
nacheka hadi mbavu zinauma,
mara ya kwanza tangu Machi.

Asubuhi jani zima lilikuwa na barafu nyembamba.
Nikausimamisha tena palepale,
nikaufuta tope usoni kwa pindo la aproni.
Skrubu mpya ilikuwa mfukoni.
Iko mfukoni hadi sasa.